Misimu Niliyokaa Nje ya Duara

Walisema sitamaliza hata mwezi mmoja. Mama mkwe wangu alisema hivyo akiwa amekaa nje, ameegemea ukuta wa nyumba yangu, akimtuma binti yangu mkubwa aniletee maneno ndani, kwa sababu kwetu Usukumani mkwe na mkwe hawatazamani usoni. "Mwambie baba yako, mwanamume halei. Mwanamume anafuga." Mafundi niliokuwa nawasimamia kwenye kinu cha kuchambulia pamba walisema hivyo hivyo, wakicheka, wamekaa juu ya marobota. "Bosi, injini unaizima jioni unaenda kulala. Mtoto swichi yake iko wapi?" Mpinzani wangu wa ngoma, aliyekaa ng'ambo ya mto, naye baadaye alinicheka, ila yeye kwa wimbo, na huo nitaufikia.

Wote walikosea. Ninaliandika hili mwanzoni ili msomaji asisumbuke.

Mimi ni mtoto wa mchunga ng'ombe. Nilianza shule nikiwa mrefu kuliko mwalimu. Nilisoma kwa kuuza karanga za kuchemsha kwenye magari ya pamba, na baadaye nikapata nafasi ya kwenda Bulgaria, nikarudi na diploma ya mitambo. Wenzangu tuliorudi pamoja walibaki Dar es Salaam wakitafuta ofisi zenye feni. Mimi nilirudi Shinyanga na kupewa kinu kizima, na kinu hicho hakikuwahi kusimama siku mbili mfululizo mikononi mwangu. Nilijenga mtaa wa Kambarage nyumba ya vyumba vitatu, sakafu ya saruji, bati jipya, wakati watu wa rika langu bado walikuwa wanahesabu ng'ombe wa baba zao. Hakuna aliyenishika mkono. Nilijitengeneza mwenyewe, kama mtu anavyotengeneza spea ambayo haipatikani dukani.

Pamoja na hayo yote nilikuwa manju. Manju ni mtunzi na kiongozi wa nyimbo katika ngoma za Kisukuma. Watu walishangaa, mtu wa diploma anavaa njuga na kurusha jembe hewani. Kikundi chetu kilikuwa cha bugobogobo, ngoma ya majembe: wakati wa kilimo tunalimiana mashamba kwa mdundo, na baada ya mavuno tunashindana. Mashindano yetu hayana hakimu. Vikundi viwili vinaingia uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila kimoja kinachora duara lake, na watazamaji wanasimama wanapopenda. Jioni, duara lililozungukwa na watu wengi ndilo lililoshinda. Kwa hiyo kazi ya manju ni moja tu, kuwatoa watu kwenye duara la mwenzake. Unawatoa kwa utani, kwa tusi lenye adabu, kwa habari ya jirani ambayo hakuna aliyejua kwamba umeisikia. Wapo waliotumia dawa za kuvuta watu. Mimi nilitumia mdomo. Kuanzia Juni hadi Agosti, kila Jumamosi baada ya kutoka kinuni, nilipanda baiskeli na kwenda popote penye uwanja. Nilipenda kitu kile kuliko chakula, na siwezi kusema sentensi ya namna hiyo kuhusu kitu kingine chochote maishani mwangu.

Mke wangu alikuwa muuguzi msaidizi. Mwaka ambao mtoto wetu wa tatu alikuwa bado anatambaa, alipata nafasi ya kusomea ukunga Mwanza, miaka miwili. Chuo hakikupokea watoto. Tulikuwa na binti wa miaka mitano, mvulana wa miaka mitatu, na huyo wa kutambaa.

"Nikiikataa, haitarudi," aliniambia.

"Basi usiikatae."

"Na hawa?"

"Hawa ni wanangu."

"Najua ni wanao. Nauliza nani atawaogesha."

Nikamwambia kwamba mtu aliyeishi Bulgaria kwenye theluji, akajifulia na kujipikia mwenyewe miaka mitatu, hawezi kushindwa na uji. Alinitazama, akaanza kupanga nguo zake. Jambo lilikuwa wazi kwetu sote wawili: nikishindwa, atarudi bila cheti, na atabaki kubeba mabakuli ya wodini mpaka uzeeni.

Mama mkwe asingeweza kuja kukaa kwangu. Angeishije nyumba moja na mkwe ambaye hapaswi hata kupita mbele yake? Msichana wa kazi niliyemleta kutoka kijijini alikaa hadi mahari yake ilipokuja. Aliyeniokoa ni jirani, mjane mzee Mwislamu, mwenyeji wa Tabora, aliyekaanga maandazi kwenye kibaraza chake. Asubuhi nilimwachia watoto, nikitoka kinuni nawachukua.

"Nikulipe kiasi gani, bibi?" nilimwuliza wiki ya kwanza.

"Mimi nimekuambia nauza watoto? Nauza maandazi. Nenda kazini."

Yeye ndiye aliyenifundisha kufunga nepi. Nilikuwa naifunga kwa nguvu, kama mkanda wa mashine. "Legeza, baba, legeza! Huyo hapelekwi Mwanza kwenye behewa." Nilijifunza upesi. Nilijifunza kusonga ugali laini wa mtama, kuchuja uji wa ulezi, kusuka nywele za binti mistari minne iliyonyooka, kuchemsha nepi kwenye debe na kuzianika ndani siku za vumbi. Mtu mwenye akili ya mitambo akiamua kujifunza kitu anakijua. Ndani ya wiki chache watoto wangu walikuwa wasafi kuliko watoto wa mtaa mzima, na wanawake kwenye bomba la maji walikuwa wananiachia nafasi mbele.

Hapo ndipo nilipofikiri naweza kufanya yote mawili.

Mwezi Juni tulialikwa kushindana na kikundi cha ng'ambo ya mto, kwenye uwanja wa mnada. Jirani yangu alikuwa amekwenda msibani Tabora. Sikuona tatizo. Nilimfunga mdogo mgongoni kwa kanga ya mama yake, nikampakiza mvulana kwenye bomba la baiskeli na binti nyuma, nikaenda. Uwanjani niliwatandikia mkeka wale wawili karibu na mpiga ngoma wetu. "Msitoke hapa." Nikavaa njuga, nikaingia katikati na mtoto mgongoni.

Sijawahi kuona watu wakija vile. Nilikuwa nimetunga wimbo juu ya mpinzani wangu, kwamba ng'ombe wake wamekonda hadi wanaazimana kivuli, na nilipoufikisha mstari wa pili akina mama walipiga vigelegele na watu wakaanza kukimbia kuja kwetu. Nilidhani ni wimbo. Baadaye nilielewa walikuwa wanakimbilia kumwona mwanamume mwenye mtoto mgongoni anarusha jembe, na mtoto mwenyewe anacheka. Lakini watu ni watu, na kwenye uwanja ule hakuna anayeuliza wamefuata nini. Duara la mwenzangu lilibaki na wapiga ngoma wake peke yao. Upande wetu watu walijaa hadi wengine wakapanda juu ya matoroli ya wauza maji.

Watu wakihama duara hawatembei, wanakimbia, wote kwa pamoja, ili wapate nafasi ya mbele. Kila mtu wa kwetu anajua hivyo. Mimi nilijua kuliko wote, maana ndiyo ilikuwa kazi yangu, kuwakimbiza.

Binti yangu alinivuta suruali. Niliendelea kuimba. Akavuta tena.

"Baba, mdogo wangu hayupo."

Mvulana alikuwa ametoka kwenye mkeka akaenda kutazama ngoma kubwa za upande wa pili. Alikuwa katikati ya uwanja wakati watu walipohama. Nilipasua duara langu mwenyewe kwa mabega, njuga zinalia, mgongoni mtoto ameanza kulia. Uwanja wa katikati ulikuwa mtupu, vumbi tu, na kiatu kimoja kidogo cha plastiki kimekanyagwa hadi kimekuwa bapa.

Alikuwa ng'ambo. Manju mwenzangu alikuwa amemkalisha juu ya ngoma yake kubwa, amemshika kiuno. Mtoto alikuwa na vumbi hadi ndani ya kinywa. Hakuwa analia. Alikuwa anapiga ngoma kwa viganja.

"Diploma!" aliniita yule bwana. Ndilo jina alilonipa, na halikuwa la heshima. "Watu wangu umechukua wote. Huyu mmoja niachie."

Nilimchukua mwanangu. Nyuma yangu watu walikuwa wanapiga kelele nirudi niendelee. Ule ulikuwa ushindi mkubwa kuliko wote niliowahi kupata, na wazee wa Shinyanga wanaokumbuka ngoma za miaka ile watakuambia hivyo hivyo. Nilivua njuga, nikawapakia watoto kwenye baiskeli. Njiani binti aliniuliza kama tumeshinda. Nikamwambia tumeshinda.

Habari ilifika upande wa Geita kwa mama mkwe kabla mimi sijaoga vizuri vumbi la uwanja. Mabasi ya Kahama yalibeba maneno kuliko abiria. Alikuja akakaa pale pale ukutani, nje. Mimi nilikaa ndani, upande wa pili wa ukuta ule ule. Binti alisimama mlangoni.

"Mwambie baba yako nimesikia aliimba na mtoto mgongoni."

"Baba, bibi anasema amesikia uliimba na mtoto mgongoni."

"Mwambie bibi yako ni kweli."

"Anasema kweli, bibi."

"Mwulize kama huyu wa kati alikanyagwa."

Binti hakunigeukia. Alijibu mwenyewe. "Hakukanyagwa, bibi. Kiatu ndicho kilikanyagwa."

Nilimsikia mama mkwe akikohoa.

"Mwambie nawachukua wote watatu. Wajomba zao wapo, maziwa yapo."

"Mwambie bibi yako wajomba zao wanachimba dhahabu. Kule kila mahali ni mashimo."

"Mwambie baba yako shimo halikimbii kumfuata mtoto. Watu ndio wanaokimbia."

Akaendelea, na safari hii hakusubiri mjukuu apeleke maneno, alipaza sauti tu hewani kama anamwambia mti: "Kama hataki niwachukue, nitapita Mwanza nimwambie mama yao aje alee wanawe. Masomo atasoma mwingine."

Hapo nikajua ameshika penyewe. Nikamwambia binti, "Mwambie bibi yako sitaingia tena duarani mpaka mama yenu arudi na cheti."

"Mwambie baba yako aseme kwa sauti yake, nisikie."

Nikasema kwa sauti yangu, nimeutazama ukuta: "Sitaingia." Alikaa kidogo, akanywa maji aliyoletewa na mtoto, akaondoka na basi la mchana. Alikuwa amekuja na kuku wawili kwenye kikapu. Aliwaacha.

Yaliyofuata sina mengi ya kusema juu yake, ingawa ndiyo marefu zaidi. Niliamka, nikawasha jiko, nikakoroga uji, nikawaosha, nikawapeleka kwa jirani, nikaenda kinuni, nikarudi, nikachota maji, nikafua, nikapika, nikawalisha, nikawalaza. Kesho yake hivyo hivyo. Sikuwa na huzuni. Watu wanadhani mtu akiacha kitu anachokipenda anaumia. Mimi sikuumia. Mwanzoni mistari ya nyimbo ilikuwa inakuja wakati ninafua, kwa mdundo wa kupiga nepi kwenye jiwe, nikawa naiacha ipite. Baadaye ikawa haiji. Sikujua imekoma lini. Kinuni kulikuwa na mkanda mmoja mrefu uliopiga ngoma kabisa ukizunguka, pa-pa-tu, pa-pa-tu, na nilikuwa nimeutungia nyimbo nyingi nikiwa nimesimama kando yake. Siku moja nilisimama pale na nikasikia mkanda uliolegea. Nikamwita fundi aukaze.

Jumamosi za msimu ule ngoma zilisikika hadi Kambarage, upepo ukiwa wa huko. Watoto walicheza uani kwa mdundo huo. Mimi nilikuwa nachambua mchicha.

Kisha ukaja wimbo. Mpinzani wangu aliutunga kwa Kisukuma, na kwa Kiswahili ungekuwa hivi: Diploma imefungwa kwa pini ya nepi, Diploma inakoroga uji, njoni muone, Wazungu wamemfundisha kunyonyesha. Ulikuwa wimbo mzuri. Nasema hivyo kama mtu anayejua kazi. Mstari wa mwisho ulikuwa unashuka taratibu halafu ngoma inakatika ghafla, ili watu wapate nafasi ya kucheka. Wiki mbili baadaye wapiga pasi wa sokoni walikuwa wanauimba. Mafundi wangu waliuimba wakidhani sisikii. Mvulana wangu aliuimba nikiwa namwogesha, anapiga maji kwa viganja, na alipofika kwenye kunyonyesha akaniuliza maana yake. Nikamwambia afumbe macho, sabuni inakuja.

Wenzangu wa kikundi walikuja Jumapili, wakakaa kwenye benchi la uani, majembe yao kando.

"Manju, mjibu," alisema mpiga ngoma wetu. "Neno moja tu. Tunapita barabarani tunaonekana wajinga."

"Nimetoa ahadi."

"Ahadi ni ya kuingia duarani. Tunga ukiwa hapa, sisi tutaimba."

"Hata hivyo."

"Mdomo wako umeshonwa?"

Mmoja akasema, "Mwache. Ana maziwa jikoni, yatamwagika." Wakacheka, na mimi nikainuka kwenda kutazama maziwa, kwa kuwa kweli yalikuwa jikoni. Niliwaambia nimekataa. Lakini hata ningekubali, hapakuwa na kitu cha kuwapa.

Kwa sheria ya kikundi chetu, mwanachama asiyefika siku ya jembe, yaani siku ya kulimiana, alitozwa faini, na akizidi anafukuzwa. Mvua zilipoanza, na wakati ule kila mtumishi alitakiwa na serikali awe na shamba, nilijua la kwangu halitalimika. Nilikuwa na ekari mbili za mtama na pamba nje ya mji, njia ya Kahama, na watoto watatu ambao huwezi kuwaacha kwenye tuta chini ya jua. Hawakunifukuza. Walikuja siku yao, wakalima. Wakaja tena kwenye palizi. Lakini siku ya jembe kwetu hailipwi kwa pombe wala kwa ng'ombe wala kwa shilingi. Umekopeshwa siku, utairudisha siku, kwa mwili wako mwenyewe, kwenye shamba la aliyekukopesha. Mpiga ngoma aliniambia hivyo wakati anafunga jembe lake, bila ukali. "Tunaziweka. Utalipa."

Msimu wa pili wa palizi nilikwenda shambani Jumapili moja asubuhi, jirani amekubali kunishikia watoto hadi adhuhuri, nikamkuta mtu peke yake katikati ya mtama wangu. Hana ngoma, hana njuga. Ni yule wa ng'ambo ya mto.

"Mwangaluka, Diploma," aliniamkia bila kuinuka.

"Mwangaluka. Umefuata nini humu?"

"Nimesikia shamba lako limekuwa pori. Fisi wamehamia na familia zao."

"Sikukualika."

"Sijaja kwako. Nimekuja kwa mtama."

Nilishika jembe nikaanza mstari wa pembeni yake. Tulilima bila kusema hadi jua likawa kali. Alipokwenda kunywa maji aliniambia, "Ukishindwa hapa utahama. Watakupeleka kinu cha Mwanza. Mimi nitamwimba nani? Wale wa Kahama hawana hata pua ya kuimbia."

"Wimbo wako ni mzuri," nilimwambia.

"Najua. Mbona hujibu?"

"Nina watoto."

"Na mimi ninao."

"Wako wana mama nyumbani."

Alifuta jembe kwa nyasi. "Basi siku yangu na wewe uiweke," akasema, akaenda zake.

Mwaka ule wa pili, mke wangu akiwa amekaribia mitihani, mdogo alipata surua. Kipindi kile watoto wengi walikuwa nayo. Nilimpeleka hospitali, nikakaa naye kwenye kitanda cha chuma, nikimlowesha midomo kwa pamba. Jirani alibaki na wale wawili. Macho ya mtoto yalikuwa yamefumba na pumzi ilikuwa inapiga filimbi. Wauguzi walinijua ni mume wa nani. Mmoja akaniuliza, "Mama yake amepata habari?" Nikasema bado. Akanitazama vibaya. Nilijua nikituma habari atapanda basi saa ile ile, na mitihani itafanyika bila yeye. Sikuwa nafikiri zaidi ya hapo. Nilimlowesha midomo.

Siku ya tatu nilimwona mama mkwe kwenye benchi la nje, nyuma ya dirisha la wodi. Sijui nani alimwambia. Alikaa pale mchana kutwa, amenipa mgongo kama inavyotakiwa, anaingia ninapotoka na kutoka ninapoingia. Hatukukutana mlangoni hata mara moja. Jioni alikuja binti yangu na jirani, na mama mkwe akamnong'oneza, na binti akaja kwangu.

"Baba, bibi anasema hajatuma habari Mwanza."

"Mwambie asante."

"Anasema na yeye hatatuma."

Mtoto alifungua macho kesho yake akaomba uji. Nilikwenda kuukoroga kwenye jiko la hospitali. Nilitarajia nifurahi, nikawa nafikiria sukari iko wapi.

Mke wangu alirudi na cheti. Nilikitia kwenye fremu ya kioo na kukitundika sebuleni karibu na diploma yangu, na katika mtaa wote wa Kambarage hakukuwa na ukuta mwingine wenye karatasi mbili kama hizo. Watoto walimkwepa siku mbili za kwanza. Siku ya tatu mdogo alilala mapajani mwake. Aliwakagua wote vichwa, masikio, kucha, kama anavyokagua mgonjwa, na hakukuta kosa.

"Umeweza," aliniambia.

"Nilikuambia."

"Sasa nenda. Msimu umeanza, nimesikia ngoma tangu stendi."

Nilikwenda Jumamosi hiyo. Wenzangu walinifungulia duara, nikaingia, nikavaa njuga zilizokuwa zimeshika kutu kidogo. Nikaimba nyimbo zangu za zamani. Sauti ilikuwepo. Jembe nililirusha na kulidaka. Watu waliokuwa kwetu walibaki kwetu, kwa adabu, na waliokuwa upande wa pili walibaki upande wa pili. Hakuna aliyehama. Nilipomaliza, kijana aliyekuwa ameshika nafasi yangu aliniuliza kama nina wimbo mpya. Nikamwambia kwanza nilipe siku za watu.

Nilizilipa. Hili nalisema kwa fahari, maana wako wengi waliolimiwa mashamba miaka ile wakahama usiku na majembe ya watu. Kila Jumapili ya mvua niliingia kwenye shamba la mmoja wao, nikachukua mstari wangu kama mtu yeyote, mtu mwenye diploma, msimamizi wa kinu, nikalima hadi mwenye shamba aseme basi. Jirani yangu hakuwa na shamba. Yeye nilimchimbia msingi wa chumba alichotaka kuongeza, na alikuwa akinitazama kutoka kibarazani. "Nyoosha kamba, baba, huko Ulaya mlikuwa mnajenga mviringo?" Mpiga ngoma nilimlimia dengu zake. Mmoja wa kikundi alikuwa amefariki, nikamlimia mjane wake. Katikati ya hayo tulipata mtoto wa nne, na safari hii mama yake alikuwa nyumbani, lakini mkunga nyumbani kwake ni mgeni. Watu walikuja kumchukua asubuhi, mchana, wakati wa chakula.

Wa mwisho alikuwa wa ng'ambo ya mto. Shamba lake liko kwenye mbuga, udongo mweusi unaonata kwenye jembe kama ugali. Nilifika na kukuta kikundi chake kizima kiko pale, ngoma imewekwa kwenye tuta. Hawakusema kitu. Walinionyesha mstari wa nyuma, kati ya vijana wao waliokuwa bado wanajifunza, nikashika.

Yeye ndiye aliyeimbisha. Aliimba tukiwa tumeinama, na majembe yalishuka pamoja. Kila mwisho wa mstari wa shamba alikuwa anatoa utani, anaacha nafasi, na mmoja wa watu wake anajibu. Mara moja alitoa utani juu ya watu waliovuka bahari kwenda kusoma namna ya kukaza nati, akaacha nafasi, na nafasi hiyo ikawa ndefu kidogo kuliko zile nyingine. Majembe yalishuka mara moja, mara mbili. Nilijua nafasi ile ni ya nani. Nilikuwa nalima. Kijana aliyekuwa kulia kwangu akajibu kitu fulani, wakacheka, wakaendelea.

Jua lilipokuwa utosini akasema basi. Alinimwagia maji ya kunawa kwa kibuyu yeye mwenyewe.

"Bado unadaiwa na nani?" aliniuliza.

"Wewe ulikuwa wa mwisho."

"Basi Jumamosi njoo uwanjani. Njoo na kikundi chako. Nina wimbo mpya juu yako, unauma."

"Jumamosi mama wa watoto ana zamu kliniki."

"Jumamosi ijayo."

"Ana zamu pia."

Alinitazama, akamwaga maji yaliyobaki chini. "Na wanne sasa," akasema.

"Wanne."

Niliondoka kwa kupita kwenye kivuko cha mawe, maji ya mto yakiwa yamefika kwenye fundo la mguu. Mikono ilikuwa imechanika na udongo mweusi umeingia ndani ya michaniko. Tangu siku ile, Shinyanga yote, mjini na vijijini, hakuna mtu anayenidai siku.